Maswali ya Wasomaji: Makumbusho na Malikale za Ireland, za Bure na za Kukatia Tiketi Mapema

Barua za safari hii zimetoka Ujiji, Kasulu, Tabora mjini, Urambo na Kigoma mjini. Zote zinahusu safari ya Ireland, kwa ndugu, kwa mtoto anayefanya kazi huko au na kikundi cha parokia, na waandishi wake wanataka kuona mambo ya kale ya nchi ile. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo mgeni hupoteza hela au nafasi.

Asalaam aleikum wahariri. Mtoto wa dada yangu anasoma Dublin, ameniita nikamtembelee wiki mbili mwezi wa tano. Nauli tumechangishana ndugu, mfuko hauna kitu. Nitaona nini bila kumfilisi kijana? (Msomaji, Ujiji)

Waaleikum salaam, mzee wetu. Vitu vya thamani kubwa kabisa vya Ireland vinaonyeshwa bure. Makumbusho ya Taifa yana matawi manne na hakuna linalotoza kiingilio. Anza na tawi la malikale, Kildare Street, katikati ya Dublin. Panga asubuhi nzima, usiende kwa saa moja.

Humo mna dhahabu ya kale ya Ireland, mikufu mipana ya shingo iliyofuliwa karibu miaka 2,700 iliyopita. Mmoja, wa Gleninsheen, uliokotwa mwaka 1932 kwenye ufa wa mwamba na kijana aliyekuwa akiwinda sungura. Kikombe cha ibada cha Ardagh kilifukuliwa mwaka 1868 na vijana waliokuwa wakichimba viazi. Bizimu ya Tara iliokotwa mwaka 1850 karibu na ufuko wa Bettystown. Jina la Tara, kilima cha wafalme wa kale, ilipewa na sonara aliyetaka kuipandisha hadhi. Hapo watu wengi hupita haraka kwa sababu ni ndogo, pete yake haifiki sentimita 9 kwa upana. Inama karibu na kioo uangalie nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zilivyosokotwa kuwa wanyama wanaoumana mikia. Kazi hiyo ilifanyika karne ya 8.

Katika jengo hilohilo kuna miili ya watu waliokutwa kwenye vinamasi vya mboji. Wawili kati yao, wa Clonycavan na wa Oldcroghan, walipatikana mwaka 2003 na wana zaidi ya miaka 2,000. Kinamasi kile ni baridi, hakina hewa na kina asidi, kwa hiyo bakteria wa kuozesha hawafanyi kazi na ngozi ya maiti hugeuka kama iliyotoka kiwanda cha ngozi. Nywele za yule wa Clonycavan zimesimamishwa kwa mafuta ya mimea na utomvu wa msonobari uliotoka Ufaransa au Hispania. Wote wawili waliuawa kwa ukatili. Kama moyo wako ni mwepesi kwa maiti, vyumba vyao vimetengwa pembeni, unaweza kuvipita.

Pa pili ni Chester Beatty, kwenye bustani ya Kasri la Dublin, bure pia. Kwa mtu wa Ujiji tungepaweka pa kwanza. Wana misahafu ya kale ambayo hata nchi za Kiarabu zingejivunia, ukiwemo ule ulioandikwa na Ibn al-Bawwab huko Baghdad mwaka wa 1001 wa Miladi. Wana pia mafunjo ya nyaraka za Mtume Paulo ya karibu mwaka 200. Taa ni hafifu kwa makusudi, maana mwanga hufifisha wino na rangi, na kurasa hubadilishwa kila baada ya muda ili zipumzike. Kama unakwenda kwa ajili ya msahafu mmoja maalumu, kijana awaandikie barua pepe kwanza aulize kama umetolewa.

Ongeza Jumba la Sanaa la Taifa, Merrion Square, nalo bure, ambako unaonyeshwa mchoro wa Caravaggio wa kukamatwa kwa Yesu. Tawi la Makumbusho ya Taifa la wanyama, Merrion Street, lilifungwa kwa ukarabati mkubwa; usilipangie siku kabla ya kuhakikisha limefunguliwa. Na angalia saa: Jumapili na Jumatatu Makumbusho ya Taifa hufunguliwa saa saba mchana, siku nyingine saa nne asubuhi, na hufungwa saa kumi na moja jioni.

Kitabu cha Kells, kwenye Chuo cha Trinity, kina kiingilio, na hupita euro 20 kwa mtu mzima. Ni Injili nne zilizoandikwa karibu mwaka 800 kwenye ngozi za ndama, kurasa 680. Lakini mgeni huona kurasa mbili tu zilizofunuliwa, kwenye kioo, na picha hairuhusiwi. Ukumbi mrefu wa vitabu ulio juu yake, mita 65, uko kwenye ukarabati na vitabu vyake vimeshushwa, kwa hiyo rafu unazoziona kwenye picha za mtandaoni zimejaa, ukifika utazikuta tupu. Kwa mfuko wako, mzee, tungekiacha.

Mimi ni mwalimu wa historia, Tabora. Wanafunzi huwa nawapeleka Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Je, Ireland kuna chochote kinachogusa historia ya huku kwetu? (Mwalimu, Tabora)

Kipo, mwalimu, ila hakijakusanywa chumba kimoja. Mbele ya makumbusho ya wanyama, Merrion Street, imesimama sanamu ya Thomas Heazle Parke, daktari Muairishi aliyefuatana na Stanley kwenye safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, mwaka 1887 hadi 1889. Safari hiyo iliingilia Kongo na kutokea Bagamoyo. Chini ya sanamu kuna bamba la shaba linalomwonyesha Parke akifyonza sumu ya mshale kwenye jeraha la Kapteni Stairs. Safari ile ilibebwa na mamia ya wapagazi waliochukuliwa Zanzibar, na wengi wao hawakurudi. Swali la kumpa mwanafunzi mbele ya sanamu ile ni moja: hao wako wapi?

Wa pili ni Roger Casement, aliyezaliwa Dublin mwaka 1864. Akiwa konsuli wa Uingereza huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, alipanda mto mwaka 1903 akaandika ushahidi wa wanakijiji waliokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya utomvu wa mpira chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Taarifa yake ya mwaka 1904 iliitikisa Ulaya. Baadaye aliingia kwenye harakati za uhuru wa Ireland na Waingereza wakamnyonga London, mwezi wa nane mwaka 1916. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1965 na yamezikwa makaburi ya Glasnevin, Dublin. Kuingia makaburini ni bure. Ziara ya kuongozwa ndiyo inayolipiwa.

Na hata Chester Beatty mwenyewe, tajiri ambaye makumbusho tuliyoyataja juu yana jina lake, sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye shaba ya Zambia ya leo. Mwalimu atakayefundisha hayo matatu pamoja atakuwa na vipindi vya wiki nzima.

Nina mwaliko wa Dublin mwezi wa saba. Rafiki yangu anasema tukifika tutapanda treni hadi Belfast kuona makumbusho ya Titanic, kwa kuwa mpakani hakuna ukaguzi. Ni sawa? (Msomaji, Kasulu)

Si sawa, na hili ndilo kosa linaloweza kukuharibia safari nyingi zijazo. Belfast iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni Uingereza. Mtanzania anahitaji viza ya Ireland kwa Dublin na viza ya Uingereza kwa Belfast, mbili tofauti. Ireland haimo Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikusaidii huko. Ni kweli treni ya Dublin kwenda Belfast haisimami mpakani, na wauza tiketi za mabasi ya watalii ya kwenda Giant's Causeway, kivutio kilichoko hukohuko Kaskazini, hawaulizi pasipoti. Ukaguzi wa kushtukiza upo, na sheria inakubana hata usipokaguliwa. Tena, ukiwa na viza ya Ireland ya kuingia mara moja, ukishatoka kwenda Belfast huna ruhusa ya kurudi Dublin.

Kuna mtego mwingine usiotajwa sana. Basi la Dublin kwenda Letterkenny, jimbo la Donegal, linakatiza ndani ya Ireland ya Kaskazini ingawa linaanzia na kuishia Jamhuri. Ukitaka kuona kasri la Glenveagh huko Donegal, pitia Sligo.

Kuhusu maombi: fomu hujazwa mtandaoni, kisha unachapa muhtasari wake, unatia saini na kuuwasilisha pamoja na vielelezo. Ada ya kuingia mara moja imekuwa euro 60, mara nyingi euro 100. Huwezi kuomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo iombe mara tu miezi hiyo inapofika. Watataka taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mwenyeji, na uthibitisho wa undugu kama mwenyeji ni ndugu. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya mwajiri iliyoandikwa kwa Kiswahili lazima ipelekwe na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyothibitishwa. Wengi hukwama hapo, kisha inabidi kutuma tena karatasi kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam. Hela kubwa iliyoingia benki ghafla wiki moja kabla bila maelezo huleta mashaka, basi eleza kwa maandishi ilikotoka. Njia ya ndege chagua Doha, Dubai au Istanbul, maana kupitia London kunaweza kukudai viza ya kupitia tu.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mama wa miaka 63, binti yangu ni muuguzi Drogheda. Anataka kunipeleka Newgrange lakini magoti yangu si mazima. Nitaweza? (Mama, Mwanga, Kigoma)

Shikamoo mama. Sisi ndio wa kukuamkia. Utaweza kufika, na huenda ukaweza kuingia. Soma kwanza jinsi palivyo.

Newgrange ni kilima cha mawe na udongo kilichojengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, mapana yake kama mita 85. Ndani kuna ushoroba wa mita 19 unaoishia kwenye chumba chenye umbo la msalaba. Ushoroba ni mwembamba na una sehemu ambapo mawe ya pembeni yameegemeana. Unainama na kugeuka ubavu ili upite. Sakafu inapanda kidogo kidogo. Magoti yanayokubali kuinama kwa dakika moja au mbili yatapita. Mwenye hofu ya sehemu zilizobana asilazimishwe, mwongozaji humruhusu kubaki nje, na nje pana mambo: mawe 97 yanayozunguka kilima, na lile la mlangoni lililochongwa mizunguko mikubwa.

Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe. Asubuhi ya tarehe 21 Desemba hivi, jua linapochomoza, mwanga hupenya hapo na kutambaa hadi ndani kabisa, kuanzia saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi, kwa dakika 17. Profesa Michael O'Kelly ndiye aliyelishuhudia jambo hilo mwaka 1967 alipokuwa akichimbua mahali pale. Nafasi za asubuhi hizo hutolewa kwa bahati nasibu, lakini mwaka mzima kila kundi huzimiwa taa na kuonyeshwa mwanga ule kwa taa ya umeme. Ukuta mweupe wa mbele, mama, ujue ulirudishwa hivyo na wataalamu katika karne ya 20 kwa kutumia mawe yaliyokutwa chini, ukishikiliwa na zege kwa nyuma. Wanaakiolojia wengine wanaamini mawe yale yalitandazwa chini kama uwanja. Kilicho cha kale bila shaka ni ushoroba na chumba, ambacho paa lake halijawahi kuvuja kwa miaka 5,000.

Binti asifuate ramani ya simu inayoonyesha Newgrange yenyewe, maana pale hakuna tiketi. Wageni wote huanzia kituo cha Brú na Bóinne karibu na kijiji cha Donore, kusini ya mto Boyne, na kilima kiko kaskazini. Kutoka kituoni mnavuka daraja la miguu, kisha basi dogo linawapeleka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Mkichelewa, kundi limeondoka. Akikata tiketi achague iliyosema wazi kwamba mnaingia ndani, kwani zipo za kuishia kituoni au za kutazama nje tu. Nafasi za kuingia zinakwisha mapema sana, hasa majira ya joto. Kutoka Drogheda teksi ni mwendo mfupi. Awaambie kituoni habari ya magoti siku mnayofika.

Na kama siku hiyo goti limekataa, hapohapo Drogheda, kanisa la Mtakatifu Petro mtaa wa West Street, kimehifadhiwa kichwa cha Mtakatifu Oliver Plunkett, askofu mkuu aliyeuawa London mwaka 1681. Kilomita chache kaskazini kuna Monasterboice, bure, palipo na msalaba wa Muiredach wa karne ya 10, jiwe la mita 5 na zaidi lililochongwa hadithi za Biblia pande zote. Nendeni jioni jua likiwa chini. Vivuli hufanya sura zionekane.

Ni mwashi, Tabora mjini. Kikundi chetu cha parokia kinakwenda Kerry. Nimesikia kuna nyumba za mawe za watawa zisizo na saruji wala chokaa na hazivuji. Zinasimamaje, na tupande kisiwa cha Skellig? (Fundi, Tabora)

Fundi, kazi hiyo ukaione kwanza Gallarus, kikanisa cha mawe kwenye rasi ya Dingle, maana pale unafika kwa miguu mikavu. Kila kozi, yaani safu, ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko ya chini yake, pande zote, mpaka juu zikakutana na kufungwa kwa mawe bapa. Jiwe haliangukii ndani kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake iko nyuma, imekandamizwa na kozi zilizo juu. Kisha kila jiwe limelazwa likiinamia nje kidogo, mvua ikagonga na kumwagika nje kama kwenye makuti. Nyumba za duara ndizo imara zaidi, kwa kuwa kila kozi ni pete inayojibana yenyewe. Gallarus ni ya mstatili, na udhaifu wa mstatili ni katikati ya ukuta mrefu, ambako hakuna cha kubana. Simama pembeni uangalie mstari wa paa, utaona umebonyea kidogo hapo.

Skellig Michael ni nyumba hizohizo za duara, lakini juu ya mwamba ndani ya bahari, kama kilomita 12 kutoka bara. Mnapanda ngazi 618 za mawe, zisizo na mahali pa kushika sehemu kubwa ya njia, na nyingine hazilingani urefu. Watu wamewahi kuanguka na kufa pale. Juu hakuna choo, maji wala kivuli. Kushuka kisiwani huruhusiwa kuanzia katikati ya mwezi wa tano hadi mwisho wa mwezi wa tisa, watu 180 kwa siku, kwa boti zenye leseni, nyingi zikianzia Portmagee. Nafasi huanza kushikwa mwanzoni mwa mwaka, na bahari ikichafuka safari inafutwa asubuhi hiyohiyo. Kikundi chenye wazee kichukue boti ya kuzunguka kisiwa bila kushuka. Wenye miguu waache siku mbili au tatu za akiba, wasiipange siku ya mwisho kabla ya ndege.

Ukipita Tipperary, fika Rock of Cashel ukaone kanisa dogo la Cormac, lililowekwa wakfu mwaka 1134. Maji ya mvua yalizama kwenye mawe yake ya mchanga mpaka michoro ya ukutani ikaanza kuharibika, ikabidi jengo zima lijengewe paa la muda kwa miaka kadhaa likauke. Waulize wahifadhi habari ya chokaa. Jiwe la kale likizibwa kwa saruji, maji yanayoingia hayana pa kutokea, na jiwe ndilo linalobanduka. Majengo ya zamani ya Tabora yanazibwa hivyohivyo kila mwaka, na fundi atakayerudi na ujuzi wa chokaa tutampokea kwa mikono miwili.

Mimi ni mkulima, Urambo. Ni wapi nitaona maisha ya wakulima wenzangu na ile njaa yao? (Msomaji, Urambo)

Turlough Park, karibu na Castlebar, jimbo la Mayo. Ni mojawapo ya yale matawi manne ya Makumbusho ya Taifa, bure. Kuna majembe yao ya kukanyagia kwa mguu mmoja, kamba na viti vya majani, matenga ya kubebea mboji. Habari ya njaa yenyewe iko Strokestown, jimbo la Roscommon, kwa kiingilio. Njaa ilianza mwaka 1845 pale ukungu ulipoozesha viazi shambani. Watu kama milioni moja walikufa na wengine wengi kama hao wakahama. Makumbusho yale yamejengwa juu ya karatasi za shamba la kabaila mmoja, kwa hiyo unasoma maombi ya wapangaji na majibu waliyopewa. Mkulima wa zao moja ayasome polepole.

Tiketi nikatie huku Kigoma au nikifika? Na ile kadi ya malikale inalipa? (Msomaji, Kigoma mjini)

Kata ukiwa huku zile zinazohesabu watu: Newgrange, Skellig na gereza la Kilmainham, Dublin. Kilmainham, walikopigwa risasi viongozi 14 wa uasi wa mwaka 1916, huingiliwa kwa kuongozwa tu, na tiketi hufunguliwa siku 28 kabla, usiku wa manane wa Dublin. Hapa Kigoma ni saa nane usiku majira yao ya joto, saa tisa usiku majira ya baridi. Ukikosa, jaribu tena mtandaoni asubuhi ya siku yenyewe, zile zilizorudishwa huachiwa hapo.

Kadi ya malikale hutolewa na ofisi ya serikali inayosimamia maeneo hayo, OPW. Imekuwa euro 40 kwa mtu mzima na 10 kwa mwanafunzi, inatumika mwaka mzima. Inalipa ukienda maeneo matano au zaidi kati ya Kilmainham, Newgrange, Cashel, Clonmacnoise, Kasri la Dublin na mengineyo ya serikali. Haifanyi kazi Trinity, wala Strokestown, wala boti za Skellig, na haikushikii nafasi: Kilmainham na Newgrange bado unaweka saa yako mtandaoni.

Kadi ya benki ya hapa inaweza kudai namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo laini yako iwe hewani unapolipa. Soma saa kwa makini: tiketi ya 2.00 mchana ni saa nane, na tiketi ya 10.00 asubuhi ni saa nne. Beba koti la mvua badala ya mwavuli, upepo wa kule unaugeuza ndani nje. Begi kubwa liache ulikofikia. Chaja yako ya pini tatu nene za mraba inaingia kwenye soketi za Ireland bila kiunganishi.